Nani Aushike Mguu Unaouma?

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo yahusu hatari ya maneno, na katika jambo hilo haina kasoro. Hata hivyo, yadokeza pia jinsi jeraha la mguu linavyohesabiwa kuwa jambo dogo, la kupangusa vumbi na kuendelea na safari. Mtu akiumwa jino hufunga safari kumtafuta mganga wa meno. Akiumwa jicho hakubali jirani amtie kidole. Lakini akiumwa kifundo cha mguu, mkono wowote ulio karibu huonekana kufaa: mkono wa shangazi mwenye mafuta ya nazi, wa rafiki aliyecheza mpira miaka mingi, au wa mzee anayesifika mtaani kwa kukanda. Hupita wiki mbili au tatu, mguu ungali umevimba, ndipo zahanati hukumbukwa.

Desturi hiyo yafaa ihojiwe, na mahali pa kuihoji kwanza ni shule ya sekondari. Vijana wa umri huo ndio wanaoruka na kukimbia kila jioni. Na ni katika madarasa yao ambamo somo la biolojia hutaja majina ya mifupa mingi bila kueleza, walau kwa dakika tano, nini kifanyike mifupa hiyo inapoumia.

Achukuliwe, kwa mfano, mwanafunzi wa kidato cha pili anayecheza kandanda katika kiwanja chenye mashimo. Anakanyaga ukingo wa shimo, wayo unageuka kwa ndani, naye anaanguka. Saa moja haijapita, upande wa nje wa kifundo umevimba kama yai. Wenzake wanambeba hadi bwenini. Maji ya moto yanaletwa, chumvi inatiwa, na mmoja wao mwenye vidole vya nguvu anaanza kuchua. Kijana anapiga kelele, na kelele zake zinachukuliwa kuwa dalili kwamba dawa inaingia. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye nia mbaya. Wote wanafanya walichoona kikifanywa nyumbani. Ila swali lililopaswa kutangulia mengine yote halikuulizwa: kilichoumia ni nini?

Kila mguu, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26. Miguu miwili ina mifupa 52, yaani takriban robo ya mifupa 206 ya mtu mzima. Kifundo chenyewe kimeundwa mfano wa kiungo cha seremala, ambamo ncha ya ubao mmoja huchomekwa katika tundu la mwingine. Mfupa wa muundi kwa upande wa ndani, na mfupa mwembamba wa pembeni kwa upande wa nje, hushuka na kufanya nundu mbili zinazoonekana chini ya ngozi. Katikati ya nundu hizo umechomekwa mfupa mwingine unaopokea uzito wa mwili na kuupeleka kisiginoni na mbele ya wayo. Nundu ya nje hushuka chini zaidi kuliko ya ndani. Kwa sababu hiyo wayo hugeuka kwa ndani kwa wepesi kuliko kwa nje, jambo ambalo msomaji aweza kulithibitisha mara moja akiwa ameketi kitini.

Wayo ukigeuka kwa ndani kupita kiasi, kano za upande wa nje, zile zinazofunga mfupa kwa mfupa, huvutika na kuchanika. Huko ndiko kuteguka. Nguvu ikizidi, kano yaweza kung'oa kipande cha mfupa iliposhikwa, au mfupa wa pembeni ukavunjika. Kwa nje mambo haya hufanana sana: uvimbe, maumivu, na baadaye wekundu unaogeuka kuwa weusi. Ukubwa wa uvimbe hauelezi kilichomo ndani.

Kwa kijana anayeendelea kukua kuna jambo jingine. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu pana bamba la gegedu ambamo mfupa hurefuka. Kwenye kifundo, bamba hilo hufunga takriban miaka 14 kwa wasichana na 16 kwa wavulana, na wengine hukawia zaidi. Aghalabu bamba hilo ni dhaifu kuliko kano zilizo jirani yake. Nguvu ambayo ingechana kano ya mtu mzima yaweza kuliachanisha bamba la kijana, na likiharibika vibaya mfupa huenda ukakua kwa kupinda. Hivyo basi, kusema juu ya mtoto wa miaka 13 kwamba "ameteguka tu" ni kutoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi.

Watetezi wa kukanda nao wasikilizwe. Hoja yao ni moja na ina uzito: maelfu ya watu wamekandwa na wamepona. Ni kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba kuteguka kwingi hupoa kwenyewe baada ya wiki kadhaa, na mkono wowote ulioushika mguu katika muda huo hujipatia sifa. Mwalimu wa sayansi atalitambua kosa hili bila shida, maana ndilo kosa la jaribio lisilo na kundi la kulinganishia. Ili kujua kama mafuta na kuchua huponya, ingepasa watu mia moja walioteguka wakandwe, wengine mia moja wapumzishwe tu miguu ikiwa imeinuliwa, kisha makundi yote mawili yahesabiwe siku za kupona. Kinachofanyika mtaani ni tofauti. Waliopona husimulia; waliobaki wakichechemea huambiwa kwamba walichelewa kuja, au kwamba pana mtu aliyewaendea kwa mganga. Kwa hesabu ya namna hiyo hakuna tiba duniani itakayoshindwa.

Wala si kwamba kukanda hakufaidii kitu kwa mguu unaouma kwa uchovu. Ubaya upo katika siku mbili tatu za mwanzo baada ya jeraha, wakati mishipa midogo ya damu iliyochanika ingali ikivuja. Joto na kusugua kwa nguvu huongeza kuvuja huko. Ikiwa mfupa umevunjika, kuchua husogeza ncha zake. Lililo baya zaidi ni kufunga: vijiti au mianzi ikikazwa kwa kamba juu ya mguu unaoendelea kuvimba, damu hukosa njia, na nyama iliyo mbele ya kifungo hufa. Madaktari wa mifupa katika nchi nyingi za Afrika wameeleza habari za watu, watoto miongoni mwao, waliofika hospitali na jeraha ambalo lingepona, lakini wakakatwa mguu kwa sababu ya kifungo. Vidole vinavyopoa, kufa ganzi au kubadilika rangi baada ya kufungwa ni dharura ya saa, si ya siku. Kifungo kilegezwe papo hapo, na mgonjwa apelekwe hospitali.

Pamoja na hayo, haifai kuwatukana wakandaji. Mzee wa kukanda yu karibu. Hamtaki mgonjwa apange foleni tangu alfajiri. Hupokea alicho nacho mtu, awe ni kuku au pesa kidogo. Zaidi ya yote, huushika mguu, huuliza ulivyoumia, na humpa mgonjwa muda wake. Mara ngapi mtu amefika kituo cha afya, akaeleza kwamba mguu unamuuma, akaandikiwa vidonge vya kutuliza maumivu bila hata kuvuliwa kiatu? Mgonjwa wa mguu ambaye hakuvuliwa kiatu hajapimwa, ingawa jina lake limeandikwa katika daftari la serikali. Ikiwa huduma ya kitaalamu ni hiyo, si ajabu watu wakaipendelea ya mzee.

Dhana nyingine yenye madhara ni kwamba utaalamu ni mashine ya eksirei. Wengi hujiambia kwamba zahanati ya kijiji haina mashine hiyo, basi kwenda huko ni kupoteza nauli. Ukweli ni kwamba mengi yaweza kujulikana kwa macho na vidole vilivyofunzwa, na uthibitisho wake ulitoka katika nchi yenye mashine tele.

Katika mji wa Ottawa nchini Kanada, daktari Ian Stiell na wenzake waliona kwamba karibu kila mtu aliyefika hospitali na kifundo kilichoumia alipigwa picha, ilhali waliokuwa wamevunjika hawakufika 15 katika kila 100. Wakawachunguza watu wazima 750, wakaandika dalili za kila mmoja, kisha wakalinganisha dalili hizo na picha. Mwaka 1992 walitangaza kanuni fupi. Mtu mwenye maumivu kwenye kifundo anahitaji picha ikiwa anaumia mfupa unapobonyezwa kwenye ukingo wa nyuma au ncha ya nundu ya nje, au kwenye ukingo wa nyuma au ncha ya nundu ya ndani, katika sentimita 6 za mwisho. Au ikiwa hakuweza kwenda hatua nne mara alipoumia na bado hawezi anapopimwa. Kwa wayo, mahali pa kubonyeza ni pawili: chanzo cha mfupa unaoelekea kidole kidogo, yaani ile nundu iliyo katikati ya ukingo wa nje, na mfupa ulio upande wa ndani mbele kidogo ya kifundo. Kuchechemea hakuharibu hesabu ya hatua. Kinachoulizwa ni kama mguu waweza kubeba uzito, mara mbili kwa kila upande.

Kanuni hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi. Mwaka 2003 watafiti walikusanya matokeo ya uchunguzi 27 wakaona kwamba karibu kila aliyevunjika alinaswa na kanuni hiyo, na kwamba kuifuata kungepunguza picha zisizo za lazima kwa asilimia 30 hadi 40. Huko Kanada faida yake ilikuwa kuokoa muda na gharama. Katika wilaya ambamo mashine ya eksirei iko umbali wa kilomita 80 kwa basi, faida yake ni kubwa zaidi, kwa maana inamwezesha tabibu wa zahanati kujua ni nani wa kumtuma huko na ni nani wa kumtibu hapo hapo. Jambo hili halihitaji umeme. Linahitaji dakika tano, kidole gumba, na mtu aliyefundishwa mahali pa kukiweka.

Hata hivyo, kanuni isichukuliwe kama hirizi. Ilitungwa kwa watu wazima, na ingawa baadaye ilijaribiwa kwa watoto waliokwisha kuanza shule na ikaonekana kufaa, kijana mwenye maumivu juu ya bamba la ukuaji apaswa kuonwa hata kama anaweza kutembea. Aidha, kanuni yahusu mifupa peke yake. Kano kubwa ya kisigino ikikatika, mifupa yote ni mizima, na mgonjwa huenda akatembea hatua zake nne. Husimulia tu kwamba alihisi kama amepigwa teke kwa nyuma, akageuka asimwone mtu. Kipimo chake ni rahisi: alale kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, na shavu la mguu lifinywe. Wayo wa mguu mzima husogea chini. Ule uliokatika kano hutulia. Kano hiyo ikitibiwa mapema huunga vizuri. Ikigunduliwa baada ya miezi miwili, kazi huwa kubwa, na nguvu ya kusukuma ardhi huenda isirudi yote.

Yafaa litajwe pia jeraha la spoku, linalojulikana sana mahali ambapo watoto hubebwa nyuma ya baiskeli. Kisigino hunaswa kati ya spoku na fremu. Siku ya kwanza ngozi huonekana imechubuka tu, na mzazi hushukuru Mungu. Baada ya siku kadhaa sehemu ile iliyosagwa hugeuka nyeusi na kufa, na mara nyingine kano ya kisigino hubaki wazi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe siku ile ile, na arudishwe akaangaliwe tena.

Kuhusu kutunza mguu ulioteguka pasipo kuvunjika, maneno machache yatosha. Upumzishwe siku moja au mbili, uinuliwe juu kuliko moyo, ufungwe bendeji isiyobana sana, na kitambaa cha maji baridi kiwekwe kupunguza maumivu. Zamani madaktari wengi waliufunga plasta ngumu kwa wiki nyingi. Siku hizi imethibitika kwamba kwa kuteguka kwa kawaida, kuanza kuutumia mapema na taratibu huleta matokeo bora. Baada ya hapo huja sehemu ambayo karibu kila mwanafunzi huiruka, nayo ni kufunza upya usawa wa mwili: kusimama kwa mguu mmoja, kwanza macho yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefumbwa, kila siku kwa wiki kadhaa. Mazoezi hayo hupunguza uwezekano wa kuteguka tena. Mwalimu wa michezo anayemrudisha mchezaji uwanjani kwa sababu tu uvimbe umekwisha anamwandalia jeraha la pili.

Kanuni ya Ottawa ina sharti moja lisilopaswa kusahauliwa, yaani kwamba mgonjwa awe anahisi. Inategemea maumivu. Mguu uliopoteza hisia huipotosha, kwa kuwa mfupa waweza kuvunjika mwenye mguu asijue. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote zilizokwisha tajwa, maana maumivu, kwa kero yake yote, ndiyo humfanya mtu aangalie nyayo zake.

Somo hilo lilijulikana kwanza kwa wagonjwa wa ukoma. Kwa karne nyingi iliaminika kwamba ukoma wenyewe hula vidole. Tangu miaka ya mwisho ya 1940, daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India, alionyesha pamoja na wenzake kwamba vidole vilipotea kwa sababu ya kuungua, kuchomwa na kukanyagia vitu vikali bila kuhisi, na kisha kuendelea kutembea juu ya kidonda. Mishipa ya fahamu ilikuwa imekufa. Nyama haikuwa na kosa. Mgonjwa aliyepewa kiatu laini chenye nafasi, akafunzwa kutazama nyayo zake kila jioni, alibaki na vidole vyake.

Leo ukoma umepungua sana, na nafasi yake katika kuua hisia za nyayo imechukuliwa na kisukari. Sukari nyingi katika damu kwa muda wa miaka huharibu mishipa ya fahamu, kuanzia ile mirefu kabisa, ambayo ni ya vidole vya miguu. Huharibu pia mishipa ya damu. Mtu huyo akikanyaga msumari uliopenya kandambili hatambui hadi aone damu sakafuni. Na kwa kuwa hapana maumivu, hujiambia kwamba hapana ugonjwa. Kidonda huingia hadi mfupani, na daktari hulazimika kukata kidole, kisha wayo, kisha mguu chini ya goti. Wengi waliokatwa hivyo hawaishi miaka mingi baadaye.

Kifaa cha kuutambua mguu wa namna hiyo kabla haujapata kidonda ni uzi wa nailoni. Uzi huo umetengenezwa kwa unene na urefu ambao hupinda unaposukumwa kwa nguvu ya gramu 10, sawa na takriban nyutoni 0.1. Mgonjwa hufumba macho. Uzi huwekwa kwenye sehemu kadhaa za unyayo na kusukumwa hadi upinde. Naye huulizwa kama anahisi. Asiyehisi amepoteza ulinzi wake. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa fimbo nyembamba kupinda chini ya mzigo hatapata ulio bora kuliko huu, kwani hapa kupinda kwenyewe ndiko kunakofanya vipimo vya watu wote vilingane.

Nchini Tanzania kazi hii imekwisha onyeshwa kuwa inawezekana. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walijenga kliniki ya miguu ya wagonjwa wa kisukari, na katika miaka ya mwanzo ya 2000 ulianzishwa mradi wa Hatua kwa Hatua, uliofundisha madaktari na wauguzi kutoka hospitali mbalimbali za nchi namna ya kupima nyayo, kusafisha vidonda na kuwafunza wagonjwa. Taarifa yake iliyochapishwa mwaka 2011 iliutoa mradi huo kama kielelezo kwa nchi nyingine zenye uwezo mdogo. Yafaa izingatiwe kwamba walioandaliwa hawakuwa wapasuaji peke yao. Muuguzi aliyefundishwa kuuvua mguu soksi na kuutazama kati ya vidole huokoa miguu mingi pengine kuliko kisu.

Uganda imetoa fundisho la jinsi hiyo hiyo katika jambo jingine. Takriban mtoto mmoja katika kila 1,000 huzaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kwa ndani na chini. Zamani dawa yake ilikuwa upasuaji mkubwa, na kwa kuwa wapasuaji ni wachache, watoto wengi walikua wakitembelea upande wa mguu. Daktari Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alibuni njia ya kuunyoosha wayo wa mtoto mchanga kidogo kidogo kila wiki na kuushika kwa plasta ngumu. Baada ya plasta tano au sita hukatwa kano ya kisigino kwa kisu kidogo, nayo hujiunga yenyewe ikiwa ndefu zaidi, kisha mtoto huvalishwa viatu maalumu usiku kwa miaka michache. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Uganda ilianza kuwafundisha njia hiyo matabibu wa mifupa wasio madaktari, na ikaonekana kwamba mikono yao yatosha.

Kutokana na mifano hii hukumu moja yafuata, nayo ni kwamba mtaalamu wa mguu anayehitajika kwanza si bingwa aliyeko mji mkuu. Uingereza na Marekani zina taaluma nzima ya nyayo, yenye vyuo na vyeti vyake. Kuisubiri taaluma hiyo ienee hadi kila wilaya ya Afrika Mashariki ni kuwasubirisha watu ambao miguu yao haisubiri. Utaalamu uliopo ungefaa sana lau ungeshikamanishwa. Chuo kilichoanzishwa Moshi mwaka 1981, katika hospitali ya KCMC, kimefundisha watengenezaji wa viungo bandia, mikanda na viatu vya tiba kutoka nchi nyingi za Afrika. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996, ina mabingwa. Hospitali za rufaa zina wataalamu wa mazoezi ya viungo. Pengo liko chini: katika zahanati na kituo cha afya, mahali ambapo mguu huonekana mara ya kwanza, au ulipaswa kuonekana. Ikiwa serikali ina fedha ya kuchagua kati ya mashine moja mpya ya picha na mafunzo ya wiki mbili kwa matabibu wa wilaya nzima, mafunzo yatangulie.

Wapo watakaosema kwamba malaria, uzazi na kifua kikuu huua, na mguu hauui. Basi mguu ungoje. Hoja hii inasahau kidonda cha kisukari, ambacho huua. Inasahau pia kazi anazofanya mguu. Mkulima hulima amesimama, mchuuzi hutembea, mama huteka maji kwa miguu, na mwalimu mwenyewe husimama juu ya sakafu ya saruji kutwa nzima, jambo linaloeleza kwa nini walimu wengi hulalamika maumivu ya kisigino katika hatua za kwanza za asubuhi. (Maumivu hayo, kwa faida ya walimu hao, kwa kawaida hutokana na utando mgumu wa chini ya unyayo; wengi hupona ndani ya mwaka kwa kuunyoosha kila siku na kubadili viatu, bila kisu.) Mtu asiyeweza kusimama hupoteza kipato siku ile ile. Hakuna takwimu ya vifo inayolionyesha hilo.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyotumia redio na vikundi vya kujifunza hadi vijijini. Miongoni mwa mengine wananchi walifundishwa juu ya minyoo ya safura, ambayo mabuu yake hupenya ngozi ya nyayo. Hiyo yaonyesha kwamba wananchi waweza kuelezwa habari ya nyayo zao wakaelewa, ikiwa habari yenyewe ni bayana na yaweza kutendwa.

Shule ya sekondari yaweza kuanza kesho. Mwalimu si tabibu, na kubonyeza mifupa ili kutoa hukumu si kazi yake. Kazi yake ni kuzuia mguu usichuliwe, kuuliza kama mwanafunzi aweza kwenda hatua nne, kutazama rangi na joto la vidole, na kumtuma bila kuchelewa yule asiyeweza kukanyaga, mwenye kifundo kilichopinda, mwenye jeraha lililo wazi, au ambaye vidole vyake vimepoa. Jina la hospitali iliyo karibu yenye eksirei inayofanya kazi liandikwe ukutani mwa ofisi, maana si kila yenye mashine ina mashine nzima. Na wanafunzi wa kidato cha tatu wanaotafuta uchunguzi wa kufanya wafungue daftari la miguu iliyoumia katika shule yao kwa mwaka mmoja: tarehe, mchezo au kazi iliyosababisha, upande ulioumia, nani aliushika mguu kwanza, na alifanya nini. Safu ya mwisho iwe ya idadi ya siku zilizopita kati ya kuumia na kuvuliwa kiatu mbele ya mtu aliyefunzwa.